Nilivyombebea Bibi Kreta Nzima

Wiki iliyopita nilipanda Ngorongoro na binti yangu. Tukasimama pale ukingoni ambapo magari ya watalii huegeshwa, na ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Binti akashusha simu yake, akanuna. "Mama, hakuna kitu." Mimi nikaangua kicheko, maana nilijiona niko darasa la tano tena, ndani ya lori linalonuka vitunguu.

Ungetujua enzi zile ungetucheka. Tuliishi Karatu, jirani na kreta ambayo dunia nzima inaifuata, magari ya wageni yakitutimulia vumbi jekundu kila asubuhi, na darasani hakuna aliyewahi kuiona! Mwalimu wetu alisoma falsafa seminari kabla ya kuja kutufundisha sisi watundu. "Fikirini moto," alisema siku moja. Tukafikiri. "Mbona nywele zenu haziungui?" Darasa likalipuka kelele. Akatueleza kwamba wanafalsafa wa Kanisa wa zamani walilihangaikia sana swali hilo, wakasema kitu huingia akilini kwa umbo lake tu, mwili wake ukabaki kule kule. Nilirudi nyumbani nikifikiri tembo, nimefurahi ajabu.

Basi tukatangaziwa safari ya kreta. Bibi yangu alikuwa akisonga ugali kwa kupapasa, kwani mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Usichanani aliwahi kushuka humo na baba yake kufuata chumvi ya ng'ombe. Aliposikia, akaacha mwiko.

"Mjukuu wangu, niletee hiyo kreta. Nimeanza kuisahau."

Lori la vitunguu la Mang'ola likatupandisha, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Getini askari wa hifadhi akatuonya kwamba asitoke mtu na chochote, hata kokoto. Nikaingiwa na hofu. Na agizo la bibi je?

Ukingoni, ukungu mtupu. Tulitetemeka, tukala viazi vyetu vilivyopoa. Mwalimu alikwisha kutuita garini ndipo ukungu ukapasuka! Ziwa likang'aa kule chini, msitu wa migunga kando yake, na nyati wadogo kama punje za pilipili manga. Nilipiga kelele mpaka nikakohoa. Nikatazama huku, nikatazama kule, halafu nikafumba macho nisije nikaimwaga.

Sikuyafumbua tena. Wenzangu walishangilia nyani barabarani, mimi nimekaza kope. Getini askari akaniuliza nimebeba nini.

"Kreta," nikasema.

Mwalimu alicheka mpaka akashikilia ubao wa lori. "Mwache apite, afande, kule hakijapungua kitu." Kisha akaniinamia. "Fumbua macho, mwanangu. Kichwa si ndoo."

Sikumwamini. Nilifika nyumbani nimeshikwa mkono na wenzangu, nikammiminia bibi kila kitu kwa pumzi moja, moshi wa kuni ukitupalia. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye msitu, akanikatiza.

"Nyuma yake kuna chemchemi. Baba alininawisha miguu pale, maji baridi hayo! Hukuiona?"

Sikuiona. Kumbe bibi alikuwa amenipita, ameshuka mwenyewe, ananionyesha njia! Uso wake ulikuwa wa msichana. Kesho yake nilimsimulia mwalimu, naye akapiga meza kwa furaha. "Umeona? Picha ni mlango tu. Akili haikai mlangoni, inakwenda kwenye kitu chenyewe."

Mwalimu hayupo tena, jiko lile limeshabomoka, na bibi tulimzika zamani jirani na mibuni yake. Haya yote nilimsimulia binti pale kwenye ukungu, tukitafuna mahindi ya kuchoma.

"Unaikumbuka sura ya bibi yako?" akaniuliza.

Kusema kweli imeanza kunipotea. Sijui tena vizuri pua yake ilivyokuwa, na jambo hilo linaniuma. Lakini nikimfikiria, siifikirii sura. Namfikiria yeye.

Binti akarudisha simu mfukoni. "Chemchemi iko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kwenye ukungu.