Skrubu Ndani ya Pumba

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo, narudi kwenye ile safari ndefu ya miguu kutoka Kilwa hadi Songea, tulipovuka mto na saa ya baba ikalowa, ikanyamaza. Wajerumani wa bomani walitaka mpiga kengele mwenye saa yake. Tulipofika, baba alikwisha kuwaambia anayo, na kazi ilikuwa ianze kesho yake.

Basi akaifungua mkekani. Akasafisha vigurudumu kwa unyoya wa kuku, akavitia mafuta ya nyonyo kwa ncha ya mwiba. Mimi nilishika skrubu ya mwisho, ndogo kama chawa. Nikapiga chafya! Ikarukia kwenye pumba za mahindi, na kuku wakaikimbilia.

"Mke wangu, kazi imekwenda!" baba alipiga kelele.

Mama akafukuza kuku, akazoa pumba zote kwenye ungo, akapepeta. Pumba zikapeperuka, chuma kikabaki.

"Mzungu ameunda saa," alisema, "lakini kupepeta hajui."

Saa ilipoanza tena kwenda, mama alipiga vigelegele, nami nikacheza uani kote.

Siku vita vilipotuhamisha kutoka Songea moja kwa moja, baba alitia saa mfukoni. Mama aliacha vyungu vyote, akajitwika ungo.