Nyuzi za Buluu kwenye Tangi Safi

Khadidja alijua kufungua kome bila kuchana utumbo wake. Kisu kidogo cha mezani kiingie upande wa bawaba, kigeuzwe kidogo, basi. Mnyama anabaki mzima kwenye ganda lake kama hajaguswa. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minane katika maabara moja ya ziwa, akitoka kwake Buyenzi kila asubuhi, na watafiti wote waliopita pale walijifunza kwa mkono wake. Joëlla naye alijifunza kwa mkono huo. Ndiyo maana sifa za Joëlla zilimuuma zaidi.

Joëlla alikuwa binti wa mtaa wa Kanyosha, miaka ishirini na sita, mwenye shahada ya pili na sauti ya chini inayowafanya watu wainame kuisikia. Utafiti wake ulihusu plastiki ndogo sana. Kome huvuta maji ya ziwa mchana kutwa na kuyachuja, na tumboni mwake wanaishi bakteria wengi wanaomsaidia kusaga chakula na kujikinga na maradhi. Plastiki ikiingia humo, je, bakteria hao hubaki wale wale, au wenyeji hupungua na wageni kutawala? Aliweka matangi matatu ya kioo. La kwanza lilikuwa na maji safi yaliyochujwa, la pili plastiki iliyosagwa, la tatu chembe ndogo mno ambazo hata hadubini yao haikuweza kuzionyesha. Baada ya wiki sita matumbo ya kome yangepelekwa nje ya nchi kusomwa, na Profesa Adolphe, mkuu wa maabara, angemtuma Joëlla Kigoma kuzungumza mbele ya wataalamu wa nchi zote za ziwa.

Zamani, Joëlla akiwa bado shule ya msingi, Khadidja alimwambia Profesa kwamba kome wa upande wa Zone Industrielle, penye viwanda, hawafanani na wa ufukwe wa Kibenga; matumbo yao ni membamba na yana harufu nyingine. Profesa aliitikia kwa kichwa akaendelea kuandika. Sasa maneno yale yale yalirudi kwa mdomo wa Joëlla yamevalishwa Kifaransa, na watu wakayapigia makofi. Jina la Khadidja lilikuwa ukurasa wa mwisho wa andiko lake, kwenye shukrani, baada ya dereva.

Alihesabu tu. Mara ngapi Profesa amemwita Joëlla “ma fille”, binti yangu. Nani huulizwa kwanza kuhusu sukari chai ikija. Nani huachiwa kiti cha dirishani. Akirudi nyumbani alikuwa na hesabu kamili.

Maabara ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: nguo za pamba tu. Nailoni na jamaa zake hupukutisha nyuzi zisizoonekana, na uzi ule ni plastiki kama chupa. Khadidja ndiye aliyewafundisha wote sheria hiyo, akiwa na kitambaa chake cheupe cha pamba kichwani. Ndiye pia aliyebadilisha maji ya tangi safi kila asubuhi, ingawa daftari la tangi lilikuwa na jina la Joëlla peke yake.

Ikaja Idi. Binti yake Houda alimletea mtandio wa buluu unaong'aa, wenye uzi wa fedha ukingoni. Siku ya tatu ya sikukuu walitarajiwa maabarani wageni na mpiga picha, na Khadidja akaujua moyo wake tangu alfajiri: picha ya safari hii isiwe ya Joëlla.

“Mama Houda, leo umetumaliza,” alisema Joëlla akimwona mlangoni.

“Na mi ni mutu wa hapa, Mademoiselle. Apana meza.”

Picha ilitoka nzuri. Khadidja ameinama juu ya tangi safi, mtandio umemwangukia begani. Ilibandikwa karibu na mlango. Kwa sababu hiyo aliuvaa siku tisa mfululizo, na hakuna aliyemkemea. Nani amkemee mwenye sheria?

Wiki ya sita walifungua kome. Joëlla aliyeyusha kwa dawa matumbo kumi kutoka tangi safi, akachuja, akatazama. Manane yalikuwa na nyuzi za buluu. Profesa akasema kwamba bila tangi safi hakuna cha kulinganisha, sampuli hazitumwi, na daftari linaonyesha nani alikuwa mlinzi. Kigoma ataenda mtafiti mwingine, Sylvère, na utafiti wake wa samaki.

Khadidja alisikia utamu ukimshuka kooni. Alimwambia Spéciose, mfagiaji, kwamba mabinti wa siku hizi wamevaa nailoni mpaka kwenye soksi. Halafu, ili aionje vizuri furaha ile, jioni akaenda kutazama nyuzi zenyewe.

Buluu. Na mmoja, mfupi, wa fedha.

Akageuka kuitazama picha mlangoni. Ncha ya mtandio ilikuwa karibu kugusa maji.

Hakuna ambaye angejua. Lakini pembeni mwa hadubini kulikuwa na vioo kumi na viwili vya hadubini ambavyo Joëlla alivipanga tangu mchana, kila kimoja na uzi wake na karatasi inayosema ulikotoka: suruali yangu, mkoba wangu, soksi za mama, kamba ya viatu. Alikuwa akijitafuta mwenyewe. Khadidja alivisoma vyote, na wivu ukamchoma upya, mbaya kuliko wa kwanza: hata kujilaumu, binti huyu alijua kufanya vizuri kuliko yeye.

Asubuhi alikuja na mtandio ndani ya bahasha. Alichomoa uzi, akauweka chini ya hadubini karibu na ule wa kome, akawaita Profesa na Joëlla.

Profesa alitazama. “Wewe, Khadidja? Wewe?”

“Nilikuwa na wivu, Profesa. Nilitaka picha.”

Joëlla alitazama baada yake, muda mrefu.

“Na mi nimemvua mama yangu soksi,” alisema hatimaye. Akacheka kidogo, macho yamejaa maji. “We Mama Houda.”

Kigoma alienda Sylvère. Wakati ulikuwa umepita. Matangi yalioshwa, kazi ikaanza upya, na daftari la tangi safi likapewa nafasi ya majina mawili.

Jumatatu walishuka Kibenga kutafuta kome wapya, kila mmoja na sufuria yake, maji magotini. Khadidja alikuwa na kitambaa chake cheupe. Walipapasa mchanga kwa nyayo. Sufuria ya Joëlla ilijaa haraka. Khadidja alichungulia, akahesabu kumi na tisa, akarudi kwenye yake, kumi na mmoja.

Akasogea hatua mbili upande wa Joëlla, penye kome wengi.

“Nipishe kidogo,” alisema.

Joëlla akampisha.