Inawaka, Inazima

Mtaani walimwita Mama Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kila alipoinua kamera. "Tabasamu! Na wewe huko nyuma, tabasamu, hatukupeleki mahakamani!" Alikuwa mjane mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na chumba chake cha mbele alikigeuza studio. Ukutani palikuwa na pazia jeupe, mbele yake kiti cha kuzunguka kwa ajili ya picha za pasipoti. Pembeni, juu ya meza ya kulia chakula, ilikaa kompyuta. Humo ndimo alimosafishia picha za harusi za mtaa mzima. Watu walimjua kama mtu asiyetishika. Aliwahi kupanda ngazi ya fundi umeme katikati ya sherehe, na gauni lake refu, ili awapate maharusi kutokea juu.

Asubuhi moja alibonyeza kitufe cha kompyuta kama kawaida, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, skrini ilikuwa nyeusi. Mara ikawaka, kiduara kikaanza kuzunguka, feni ikanguruma, ikazima. Ikajiwasha yenyewe. Kiduara, ngurumo, giza. Ikajiwasha tena.

Mama Tabasamu aliweka kikombe mezani. Hakuiwazia mashine. Aliyawazia yaliyomo.

Wiki iliyotangulia alikuwa amepiga picha harusi ya binti wa fundi viatu, mtaa wa pili. Baba mtu alicheza na bintiye siku hiyo mpaka wageni wakapanda juu ya viti ili waone. Siku chache baadaye alilala mzima, hakuamka. Msibani, binti alimshika mpiga picha mkono akamnong'oneza, "Mama, zile za baba akicheza unazo?"

"Ninazo, mwanangu. Ziko salama."

Kwenye kamera hazikuwapo tena. Alikwisha kuzihamishia kwenye kompyuta, kisha akaifuta kadi ya kamera ili akapige mahafali ya shule. Nakala ya pili alisema ataiweka kesho, na kesho ikazaa kesho.

Wa kwanza kuitwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu aliyejihesabu bingwa wa kila kitu chenye waya. Aliinama, akaiangalia ikiwaka na kuzima, akatikisa kichwa kama daktari.

"Shemeji, hii ni ya kuifuta tu. Unaiwekea programu upya, inakuwa kama imetoka dukani jana."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinaondoka. Lakini mashine inapona."

"Yaani mgonjwa ana mafua, wewe unamkata kichwa!" Akauchomoa waya ukutani, akauzungusha mkononi, akaingia nao chumbani na kuuweka chini ya mto. Shemeji alicheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo shemeji alipoacha kucheka.

Simu ikalia. Ni yule binti. "Mama, kesho nitapita na mama kuziangalia. Anataka kumwona baba."

"Njooni," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Alipokata simu, kila hodi ya jirani ilimshtua kama hodi ya polisi. Chai ilipoa hajaigusa. Mtu anaweza kumzika baba yake mara moja, akawaza. Mimi nitamzikisha mara ya pili.

Alasiri alikuja fundi wa kompyuta, mwanamke mrefu mwenye kibanda nyuma ya soko, wateja wakimwita Dada Bisibisi. Swali lake la kwanza halikumtuliza mtu.

"Umeiacha ikijiwasha na kujizima kwa muda gani?"

"Si sana. Nimeukata umeme."

"Afadhali. Ikizima huku inaandika kwenye diski, inaweza kuharibu vilivyomo."

Mama Tabasamu akakaa kwenye kiti cha pasipoti. Dada Bisibisi alifungua ubavu wa mashine, akaitoa diski iliyobeba picha, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi. Diski ilikwaruza kidogo, ikanyamaza, na katika kunyamaza kule mjane alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Inasomeka," fundi akasema. "Harusi ndiyo hii?"

Zilikuwapo. Keki, maua, shangazi aliyefumba macho katika kila picha. Wakafika kwenye dansi. Ya kwanza, baba mkono juu. Ya pili, nzima. Ya tatu, kuanzia kifuani kwenda chini, kijivu kitupu, kama mtu amemwagiwa saruji. Ya nne haikufunguka kabisa.

"Mungu wangu," alisema Mama Tabasamu. "Zimekufa."

"Subiri kwanza. Diski ni nzima, nimeipima. Kuna kingine kinachozila."

Baada ya kuweka nakala ya kila kilichosomeka, fundi akarudisha diski mahali pake, akaomba waya na kuanza kutafuta. Alichomoa kila kilichochomekwa nyuma. Mashine ikazima vilevile. Akatoa vibao viwili vya kumbukumbu, vyembamba kama rula, akarudisha kimoja tu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na skrini ikafunguka. Akakitoa, akaweka cha pili. Ngurumo, giza.

"Huyu hapa mbaya wako. Picha hupita hapa kabla ya kufika kwenye diski. Alikwisha kuanza kuzing'ata siku ile ulipozihamisha. Leo ndiyo ameshindwa hata kusimama."

"Zilizong'atwa zinatibika?"

"Hapana, mama. Sitakudanganya."

Mjane hakupata usingizi wa maana. Kesho yake, binti na mama yake walipoketi, aliwaambia yote kabla ya kuwasha skrini: kadi aliyoifuta, nakala aliyoiahirisha, kibao kibovu. Alisema huku akiangalia sakafu, akingoja kelele.

Binti alikuwa amepauka midomo. "Zimebaki?"

"Zimebaki. Si zote."

Wakatazama. Mama mtu aliweka kidole karibu na uso wa mumewe bila kuugusa, akakaa hivyo muda mrefu. Walipofika kwenye ile ya kijivu, binti alilia kwa sauti, na Mama Tabasamu akataka ardhi impasukie.

"Nilikuamini, mama," binti akasema.

"Najua, mwanangu."

Walipoondoka walichukua zote, pamoja na zilizokatika, na mama mtu peke yake ndiye aliyeaga.

Siku hizi nakala moja ya kila kazi hukaa kwa dada yake, ng'ambo ya mji, na kadi haifutwi mpaka wenye harusi wamepokea mzigo wao. Kibao kipya hakijawahi kusumbua. Hata hivyo, kiduara kikizunguka kupita kawaida yake, Mama Tabasamu huwakatiza wateja maneno, hushika ukingo wa meza, na hapumui mpaka skrini ifunguke.