Mchi wa Tingatinga

Ilianza Jumamosi, saa tano kasorobo asubuhi. Nina hakika na saa kwa sababu karani wa yadi alikuwa ametoka tu kugonga kile kipande cha reli ambacho ndicho kengele yao ya chai. Alikigonga robo saa mapema ili watu wote wakusanyike waone.

Tingatinga ilikuwa katikati ya yadi. Bledi yake, yaani ile sahani kubwa ya chuma ya mbele inayosukuma udongo, ilikuwa imelazwa juu ya magogo. Baba aliketi juu, akavuta mkono wa vali. Bledi ikapanda hadi usawa wa kifua cha mtu, ikasimama. Wiki mbili nzima ilikuwa ikiinuliwa inashuka yenyewe polepole, kama mzee anayesinzia kanisani, na kazi ya kupanua Barabara ya Ngong ilikuwa imelala nayo. Sasa ilisimama.

Mimi nilikuwa nje ya seng'enge na birika la uji. Bwana, yule mzungu msimamizi, alitazama saa yake ya mkono dakika kumi nzima. Bledi haikushuka hata unene wa kucha.

"Muzuri, fundi," alisema. Kisha akainua karatasi alizokuwa nazo, zimepigwa chapa vizuri. "Na hii? Nani nasoma kitabu, naandika yote kwa Kiswahili?"

Baba alinitazama. Nataka niliandike hili sawasawa. Alinitazama mimi kwanza, tukaonana, halafu akageuka.

"Ni karani, bwana," akasema.

Watu wakapiga makofi. Karani akavua kofia.

Zile karatasi zilikuwa zangu. Jumatatu ya wiki hiyo Baba alirudi nyumbani Mutuini na kitabu cha mashine chini ya koti, na kitabu hicho hakiruhusiwi kutoka yadi. Vali mpya ilikuwa imefika kwenye sanduku, lakini Baba hasomi Kiingereza. Karani alikuwa amejaribu kumsomea, ila Kiingereza chake ni cha barua na rejista. Alipofika kwenye vali alisema, "Hapa, Fundi, kuna kitu kinaingia kwa kitu." Baba akamwambia hilo hata ng'ombe wanalijua.

Ndipo akanijia mimi, likizo hii ya Agosti, na ahadi juu. "Nisomee. Bledi ikisimama, nitamwambia bwana mbele ya watu ni wewe. Na nikishasema huko, nitasema na hapa kwa kaka yangu."

Kaka yake ni baba mkubwa, anayesema kidato cha pili kinatosha kwa msichana, na kwamba mwaka ukiisha nikae nyumbani. Neno lake ni zito kwetu. Kwa hiyo ahadi ya Baba ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kurudi shule mwakani, na sikuwa na nyingine.

Siku tatu tulisoma mlangoni, tangu anapotoka kazini hadi giza linapotufukuza. Shida ilikuwa majina. Vali ni kisanduku cha chuma chenye tundu lililochongwa laini sana, na ndani ya tundu kuna chuma cha mviringo kinachokwenda mbele na nyuma, kufungulia mafuta na kuyafunga. Kamusi ya shule haikunisaidia. Mama alikuwa akitwanga mahindi uani. Nikasema, "Baba, hiki cha mviringo ni mchi. Kisanduku ni kinu."

"Sasa umesema," akajibu, na kuanzia hapo tukaenda mbio. Niliandika kwenye daftari langu la jiografia, kurasa za nyuma. Laza bledi chini. Zima injini. Sukuma mkono mbele na nyuma mpaka mafuta yaache kusukuma, ndipo uguse paipu. Ziba midomo ya paipu, mchanga usiingie. Usikaze bolti moja hadi mwisho. Kaza kidogo kidogo kwa msalaba.

Ijumaa aliifunga ile vali mpya kwenye tingatinga. Nilimpelekea chakula, akaja mbio hadi kwenye seng'enge, mikono yote mafuta, ameshika vyuma viwili.

"Hii mchi mpya inabana," alisema. "Ile ya zamani inateleza kama samli. Si nirudishe ya zamani kwa kinu mpya?"

Ndivyo mafundi wetu wanavyofanya. Hawatupi kitu ambacho mkono umekizoea. Wanachanganya kipya na cha zamani, na mara nyingi mashine inakubali. Lakini nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mara mbili.

"Usichanganye, Baba. Mchi na kinu vilisagwa pamoja kiwandani. Ule mchi wa zamani unateleza kwa kuwa umelika, ndiyo maana bledi inashuka. Upake mafuta safi huo mpya, uusukume taratibu."

Karani alikuwa amesimama nyuma yake. "Fundi, umeleta hakimu wako?"

"Nimeleta macho yangu," Baba akamjibu.

Alisema hivyo, macho yangu. Nilirudi nyumbani njia nzima nikilirudia neno hilo kama mtoto mwenye peremende shavuni. Jioni karani akaliomba daftari, eti apige chapa ili bwana asione mafuta ya mashine kwenye karatasi. Baba, aliyekuwa nalo pale kazini, akampa. Sikuona ubaya wowote.

Jumamosi hiyo, watu walipotawanyika, karani alipita karibu na seng'enge. "Asante ya mwandiko, binti. Unasomeka kuliko wa bwana." Akaenda zake. Jumatatu anahamia ofisi kubwa mjini, kuandika vitabu vya mashine nyingine vya namna hiyohiyo. Natumaini vile vyuma vya mviringo wataviita michi.

Karani simchukii sana. Yeye hakuniahidi kitu.

Tulipokuwa tukirudi, nilitembea nyuma ya Baba. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Tulipofika Dagoretti ndipo nikapata sauti ya kumuuliza.

"Baba, mbona ulisema karani?"

"Kile kitabu hakikutakiwa kutoka."

"Bwana hakuuliza kitabu kilisomewa wapi."

Akaongeza mwendo. "Sasa ningesema nini, mama? Kwamba mimi fundi wa miaka kumi na mbili, kazi nimefundishwa na msichana wangu? Mbele ya watu wote wale?"

Huniita mama anapotaka nimhurumie. Na nilimhurumia, hilo ndilo linaloniudhi ninapoandika. Nilijiambia basi, huko ni kazini, ana aibu yake, nyumbani atasema.

Jioni baba mkubwa akaja. Habari za tingatinga zilikuwa zimemfikia. "Kwa hivyo ni yule karani aliyewasomea," alisema. "Mtu aliyesoma ni mtu." Kisha akanielekeza kwa kidevu, nikiwa nimeshika sinia. "Na huyu wetu, mwaka ukiisha, si amesoma vya kutosha?"

Nilimtazama Baba. Mama pia alimtazama. Baba akakoroga chai yake, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Tutaona," akasema.

Kwetu tutaona ni ndiyo. Baba mkubwa akaomba chai nyingine.

Leo, Jumapili asubuhi, Mama alikuwa akipiga pasi nguo za kanisa Baba aliponiita mlangoni. Kitabu kingine cha yadi kilikuwa magotini mwake. Wiki ijayo ni zamu ya greda, ile mashine ya kusawazisha barabara, na vali yake imeharibika vilevile. Alikuwa ameniwekea kigoda, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Tusome kidogo kabla ya kengele ya kanisa," alisema. "Ukurasa ni huu wenye picha."

Sikukataa. Sijui kumkatalia Baba. Niliketi, nikafungua ukurasa wenye picha, nikamsomea kwa Kiingereza. Neno kwa neno, kwa sauti ya darasani, bila mchi, bila kinu. Alingoja nigeuze kwa Kiswahili. Nilipomaliza sentensi ya kwanza nikaendelea na ya pili. Mara moja alisema, "Hapo je?" Nikasoma hapo tena, kwa Kiingereza kilekile. Mama aliacha kupiga pasi.

Baba hakunikemea. Aliinamisha kichwa akasikiliza kurasa zote nne, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni. Nilipofika mwisho nilifunga kitabu, nikakiweka juu ya kigoda nilichokalia, nikachukua debe nikaenda mtoni.