Mshale Uliokaa Katikati

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, ni fundi wa dashibodi. Mtaani wanamwita Geji. Sina haja ya kumtaja kwa jina lingine. Hilo linamtosha.

Hajawahi kufungua injini mpaka ndani. Anaogopa grisi. Kazi yake ni taa ndogondogo, honi na mishale ya geji, vile vipimo vya dashibodi. Gari likichemsha, fundi mwingine hutafuta maji yanapovujia. Yeye hutafuta mshale. Anaufungia rezista nyuma ya dashibodi, kidude kidogo kama punje ya mchele, na mshale wa joto unakaa katikati mpaka kiama. Mwenye gari anaondoka anacheka. Akirudi, anarudi kwa miguu.

"Injini yako ilishachoka, mzee," Geji anamwambia. "Mimi nilikutengenezea geji. Geji si nzima?"

Na kweli, geji huwa nzima.

Ana kopo la maziwa ya unga limejaa thamostati alizong'oa kwenye magari ya watu. Thamostati ni kale kamlango kanakozuia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha kanafunguka. Yeye anasema ni kizibo cha watu wa nchi za baridi. Anawatikisia wateja kopo lile. "Haya yote ni maradhi niliyotoa." Mfukoni mwa shati ana kalamu tatu. Inayoandika ni moja. Nilizijaribu siku ya msiba, tulipohitaji kuandika majina.

Mimi nimeendesha lori la kokoto miaka thelathini na minne. Shule sikwenda. Injini sijaua hata moja. Niliwahi kumwambia: "Mshale ni mjumbe tu. Ukimhonga mjumbe, atakuletea habari unazozitaka."

Akanijibu, "Shem, watu wa leo wanataka amani ya moyo."

Dada yake akacheka. Alikuwa akimcheka na kumtetea papo hapo.

Dada yake alipougua, Geji ndiye aliyetuendesha kwenda kliniki, maana goti langu la klachi liligoma. Gari ni pikapu yangu ya milango minne, kuukuu. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nimempakata mke wangu. Alisikia baridi hata jua likiwa la utosi, basi hita ilifunguliwa muda wote, na Geji akitoka jasho kama mpagazi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyomwona akifanya, kutoka jasho.

Kule nyuma sikuuona mshale. Nikawa nauliza.

"Uko wapi?"

"Katikati, shem."

Tukianza kilima kile kirefu: "Sasa je?"

"Katikati."

Nilishangaa. Pikapu hii naijua. Kilimani mshale wake hupanda unene wa kidole, ukifika juu unashuka. Nikajiambia ni hita, maana hita hula joto la injini. Ni kweli hula. Mtu akitaka kuridhika hakosi sababu.

Mke wangu akafariki. Pikapu ikakaa uani miezi minne.

Kaburini kulikuwa na kibao cha mbao, na mvua ilishaanza kuosha rangi. Nilimwahidi jiwe. Likachongwa. Asubuhi mwashi akanipigia simu kutoka makaburini: saruji ameshaileta, mchana anaondoka kwenda kazi ya mbali, harudi mpaka masika yaishe. Makaburi yako juu ya kilima kilekile. Gari lingine sina, injini nyingine sina.

Nikatoka nje. Jiwe limeshafungwa kamba nyuma, Geji ameshawasha gari kitambo.

"Umepima maji?"

"Shem, tazama mshale."

"Nimekuuliza maji."

"Maji yapo. Si nilijaza?"

"Lini?"

"Enzi za dada."

Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto. Nikatazama chini ya gari, pakavu. Nikatazama kichupa cha akiba, maji nusu. Saa ilikuwa inakwenda. Nikapanda. Kosa hilo ni langu.

Safari hii nilikaa mbele. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye hita, nikaifungua yote. Sikuwa na mtu wa kumpasha joto. Mazoea tu.

"Shem, unanipika!" Geji akasema.

"Endesha."

Tukaanza kilima. Hita ilipuliza moto kama mdomo wa tanuri. Mshale katikati. Tukapita kona ya kwanza, ya pili. Mshale haukutikisika hata unene wa uzi. Kufika nusu ya kilima, upepo wa hita ukawa vuguvugu. Kisha ukawa baridi.

"Ah, afadhali," Geji akasema, akajifuta shingo.

"Simamisha gari."

"Kuna nini? Mshale uko..."

"Simamisha gari, mpumbavu wewe! Zima!"

Akazima. Joto la hita huletwa na maji ya injini. Hita ikipoa ghafla kilimani, maji hayapo. Hilo halihitaji shule wala kalamu tatu.

Tukafungua boneti. Mpira wa maji wa juu ulikuwa umepasuka urefu wa kidole, umekauka kwa kukaa uani. Mvuke ulikuwa unaishia. Fundi wetu akavua kofia, akaifunga mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa rejeta. Nikampiga kofi mkononi. La kwanza tangu nimwoe dada yake.

"Unataka kujibabua uso?"

Akageuka, akachukua dumu langu la maji. Alitaka kumimina palepale, maji baridi kwenye chuma kinachowaka, kichwa cha injini kipasuke vipande viwili. Nikamnyang'anya dumu.

"Wewe nenda kakae na dada yako."

Akapanda nyuma, akakaa kando ya jiwe. Nikampigia simu mwashi.

"Nataka kuchanganya saruji, mzee."

"Usichanganye. Nisubiri."

"Mpaka saa saba. Ikipita hapo, jiwe utaliweka mwenyewe."

Ilikuwa saa tano. Injini hupoa kwa wakati wake, haina msiba wala haraka. Nikakata kipande cha tyubu, nikaufunga mpira kwa kuzungusha, nikakaza kwa waya. Kisha sikuwa na la kufanya. Nikapanda nikakaa upande wa pili wa jiwe.

"Ule mshale uliufunga lini?"

Akachezea kamba ya jiwe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Umewaumbua watu mtaa mzima, ukaona umalizie na mimi."

Akalitazama jiwe. "Ni dada aliyeniambia."

"Usimsingizie marehemu."

"Haki ya mama, shem. Siku ulipokwenda dirishani kuchukua dawa. Akaniambia, 'Mtulize huyo mshale. Dereva amenishika mkono, lakini masikio yake yako kwako huko mbele. Nataka anitazame mimi.' Nikaufunga jioni ileile."

Dereva ndiyo jina aliloniita mke wangu. Geji hakuwahi kulitumia. Hana akili ya kutunga neno kama hilo.

Nikakumbuka. Safari za mwisho sikuuliza tena. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa na kovu dogo chini ya nyusi ya kushoto, la utotoni. Miaka arobaini na mmoja sikuwa nimeliona. Nililiona kwenye kilima hiki.

Geji akajifuta pua kwa kofia.

"Na thamostati ya pikapu hii?" nikamuuliza. "Nayo dada aliomba?"

"Hiyo... hiyo niliitoa tu."

"Na mpira wa maji hukuugusa."

"Sikuugusa."

"Basi."

Saa sita u nusu rejeta ilishikika. Nikafungua mfuniko kwa kitambaa, polepole. Geji akawasha, nikamimina dumu lote, kidogo kidogo, injini ikinguruma. Tukapanda mwendo wa kobe. Mkono wangu haukutoka mbele ya hita. Ilipuliza moto mpaka juu.

"Kesho natoa rezista, shem," Geji akasema.

"Itoe. Wa kutazamwa hayumo tena ndani ya gari."

Mwashi alikuwa amekalia mfuko wa saruji, macho kwenye saa. Hakusalimia. Akachanganya, akapaka, tukalishusha jiwe watu watatu, Geji akilalamika kiuno. Mwashi akalaza pimamaji juu yake, ile fimbo yenye kichupa cha povu, akaenda kunawa mikono.

Geji akaiinamia.

"Katikati, shem."

Nikapiga goti bovu lile, nikatazama mwenyewe.