Diski Iliyoita Kilio

Sisi tuliokulia Dilala, katika zile nyumba za kampuni zilizofanana hadi mgeni akaingia kwa jirani na kujikalia mezani, saa tulizijua kwa masikio. Asubuhi king'ora cha kampuni, mchana kengele ya shule, alasiri baruti ya mgodini iliyotikisa vioo na kuwakimbiza kuku chini ya kitanda. Na Jumapili, baada ya misa na bukari kwa sombe, yaani ugali kwa kisamvu, ilikuwa piano ya baba.

Baba alikuwa karani, mtu mpole ambaye viatu vyake viling'aa hata msimu wa matope. Pikapu, ile mashine ya kupigia santuri, na santuri yake, sisi tulisema diski, alipewa na mke wa injinia mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi Ulaya. Diski moja tu. Ilikuwa piano peke yake, bila mwimbaji, bila gitaa, kazi ya Mfaransa mmoja aliyefariki zamani. Baba alisoma maandishi ya nyuma ya jalada akatueleza kwamba huyo Mfaransa alikuwa na vituko vyake: vipande vya muziki alivipa majina ya kuchekesha, na pembeni mwa noti alimwandikia mpigaji maagizo ambayo hakuna binadamu angeyaweza.

"Ule muzungu alikuwa na kichwa yake," baba alisema kwa fahari, utadhani anamsifu mjomba wake.

Muziki wenyewe ulikwenda polepole. Noti moja, unangoja, kisha nyingine, kama bomba lililofungwa vibaya linavyodondosha maji kwenye ndoo. Sisi tuliozoea rumba tulidhani pikapu imechoka.

Sasa vijana wa leo niwaeleze, maana hawayajui haya. Enzi zile redio ikiacha rumba ghafla na kuweka muziki wa taratibu usio na maneno, mtu mzito amefariki. Na kilio hakiulizwi. Ukisikia jirani analia, unaacha ulichoshika, unafunga kitenge kiunoni, unakwenda na machozi yako. Aliyekufa ni nani, utajua ukishaketi.

Jumapili ile ya kwanza baba alifungua madirisha yote ili mtaa mzima ufaidi. Haukupita muda, Mama Ngoie wa nyumba ya pili akaingia uani kwetu, mikono kichwani, akajitupa chini na kulia. Mama alikuwa nyuma ya jikoni anaosha vyombo. Siku hizo kambo, yaani bibi yetu, mama yake mzazi, alikuwa mgonjwa kule Tenke, na kila treni tuliipokea kwa hofu. Alipomwona Mama Ngoie mavumbini, mama hakuuliza. Aliangusha sufuria akapiga ukunga: "Mama yangu! Mama yangu!"

Basi ikawa. Wanawake wakafurika na mikeka, wanaume wakaleta kuni wakawasha moto wa matanga. Baba alisikia ukunga juu ya piano yake, akatoka, akamwona mkewe yuko chini, naye akaelewa alivyoelewa. Alivua viatu vyake vinavyong'aa akakaa na wanaume, machozi yakimtiririka. Pikapu aliisahau ndani ikiendelea kupiga, na watu wakanong'onezana kwamba huyu kweli mkwe, hata muziki amemwekea mama mkwe wake. Sisi watoto tulilia kwa sababu wakubwa walilia. Kaka yangu alilia na mkate mdomoni.

Kisha akafika Tata Kabwe (tata kwetu ni baba), katekista wetu, kuongoza sala. Alivaa miwani, akafungua kitabu, akauliza kwa upole:

"Jina ya marehemu?"

Mama akamtazama Mama Ngoie. Mama Ngoie akamtazama mama.

"Si wewe njo ulileta habari?" mama akauliza.

"Mi? Mi nilisikia kilio ku radio yenu!"

Ndani, diski ilikuwa imefika mwisho na sindano inakwaruza. Mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, na wanaume wakaanza kuzima moto huku wanashikana mabega. Mama hakucheka. Alikuwa amemlilia mama yake kwa moyo wote, na hofu aliyoifunga ndani majuma mengi ilikuwa imefunguka mbele ya watu.

"Ile diski itoke mu nyumba yangu," alimwambia baba, "ao mi njo nitatoka."

Baba hakubishana. Aliifunga diski katika kitambaa akaiweka juu ya kabati, na juma lile kila alipotoka kazini aliitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyepewa adhabu na mwalimu. Nilimhurumia sana. Hakuwa na anasa nyingine duniani.

Jumamosi tulipanda treni kwenda Tenke, maana mama alitaka kuona kwa macho yake. Tulimkuta kambo amepona, anamenya karanga na kumgombeza kuku. Alipohadithiwa alicheka hadi akashika mbavu.

"Mulishaka kunililia? Basi kifo ikipita itasema, huyu njo alishaka kuzikwa!" Kisha akamgeukia mama. "Muache bwana yako apige muziki yake. Lakini mutoto atangulie kwa majirani."

Mama hakupenda, lakini neno la mzazi halirudishwi. Tangu hapo kila Jumapili nilivaa sandale za plastiki nikapita mlango kwa mlango na tangazo langu: "Hakuna kilio. Ni tata tu na muzungu yake." Watu wakaanza kuja na viti vyao, wakanywa munkoyo wa mama, kile kinywaji cha unga wa mahindi. Mama Ngoie alichambua maharagwe kwa kuufuata ule mwendo wa taratibu. Mahali fulani sindano iliruka kila mara, na mama, nani angeamini, alipapigia kifuniko cha sufuria.

Baba tulimzika miaka michache iliyopita. Siku hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza jina. Diski ilishavunjika zamani tulipohama nyumba ya kampuni, ingawa mtaa hatukuuacha.

Jumapili iliyopita mama akasema ameukumbuka ule muziki. Binti yangu, ambaye nadhani alizaliwa na nyaya masikioni, aliupata kwenye simu kabla sijamaliza kuuliza. Kumbe wapigaji ni wengi, kila mmoja na mwendo wake, mmoja kama anawahi taxi-moto, ile bodaboda yetu. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hii hairukake." Mwishoni tukapata moja ya zamani yenye mikwaruzo. Nikafungua madirisha.

Mama akainua mkono. "Ulishaambia majirani?"

"Kambo, nani atasikia?" binti yangu alicheka. Na ni kweli. Siku hizi Dilala ni kuta ndefu, pikipiki, malori ya madini, na kila mtu na wimbo wake sikioni mwake.

Nilivaa viatu nikatoka. Geti la kwanza kijana alinitazama asielewe. La pili hawakufungua. Kwa Mama Ngoie alifungua mwenyewe, na fimbo yake, na maneno ya utotoni yakanitoka kabla sijayafikiria:

"Hakuna kilio, mama. Ni tata tu na muzungu yake."

Mama Ngoie alikuwa amemlilia baba kaburini na kulala nasi matanga yote. Hakunisahihisha. Aligeuka kutafuta kiti chake.

"Basi umwambie angoje kwanza. Niko nakuya."