Matembezi ya Ijumaa

Juzi niliteremka kwenye pikipiki pale njia panda ya kijijini kwetu, nikitokea Sumbawanga mjini, upepo wa kiangazi ukaniletea harufu ya nyasi zilizoungua. Nilisimama na begi mkononi, nikajikuta ni mtoto wa chekechea tena.

Tulisomea ndani ya kanisa la kigango, tukikalia mabenchi ambayo miguu yetu haikufika chini. Asubuhi za Ufipa zina baridi, unajua, kwa hiyo mwalimu alitupa uji wa ulezi kwanza, wa moto hasa, ndipo tuimbe herufi. Lakini Ijumaa hatukuimba. Tulishikana mikono tukazunguka kijiji. Kwenye chemchemi alituonyesha jinsi maji yanavyotoka chini ya mizizi, na kwa nini tusikanyage matope yale. Kwenye kila nyumba alituuliza: nani anaishi hapa, na leo yuko wapi?

Bibi yangu hakupenda. "Nimekupeleka ukasome," alinung'unika akipepeta maharage, "si ukazurure. Nyumba za watu utazijua tu ukikua."

Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya jirani yetu mmoja, mama mzee asiyeona, aliyeishi peke yake upande wa mlimani. Kutoka mlangoni kwake kamba ilipita kwenye vigingi hadi chemchemi, naye aliifuata kwa mkono kila akienda kuchota. Mwalimu alituachia sisi kazi ya kukagua vigingi vilivyolegea.

Ijumaa moja ya kiangazi watu wazima walikuwa mashamba ya mbali wakivuna ulezi. Mtu alikuwa amechoma nyasi mlimani ili ng'ombe wapate majani mabichi, na upepo ukageuka. Tuliona moshi kwanza, kisha tukasikia nyasi zikipasuka. Mwalimu akaturudisha mbio kwenye uwanja wa kigango, uliofagiwa ukabaki udongo mtupu, akagonga kengele kwa nguvu zote.

"Watoto, nani amebaki nyumbani?"

Tulijibu kwa pamoja: mama aliyejifungua, na yule bibi asiyeona. Yule mama tulimwona anakuja na kichanga chake. Mwalimu akaanza kukimbilia nyumba ya bibi.

"Mwalimu, hayumo!" nilipiga kelele. "Jua likifika hapo huwa kwenye maji!"

Alinitazama mara moja tu, akabadili njia. Moshi ukammeza. Wenzangu walilia, mimi nilishindwa hata kulia, maana mimi ndiye niliyemtuma kule. Je, kama nimekosea?

Walitokea wameshikana, mwalimu mbele, khanga zao zimelowa na kuchafuka matope. Bibi alikuwa ameketi katikati ya chemchemi, maji yamemfika kifuani. Kamba ilikuwa imeshika moto, hakujua arudi vipi. Alipofika uwanjani alituomba tumguse mmoja mmoja, ahakikishe tumo wote.

Watu walioitwa na kengele waliuzima moto kwa matawi mabichi. Nyumba ya bibi iliungua paa, na miti ya chemchemi ikabaki vijiti vyeusi. Wiki iliyofuata kijiji kizima kilimwezekea upya, nasi watoto tukabeba vifurushi vya nyasi vichwani, tumejaa maringo. Ijumaa asubuhi bibi yangu alinifunga khanga mgongoni kwa ajili ya baridi.

"Nenda mapema," akasema. "Mwalimu asikuache nyuma."

Mwalimu alihamishwa mwaka ule ule. Siku hizi chekechea ina jengo lake, na ukutani wamechora mto na mti mzuri sana. Chemchemi imejengewa saruji, miti haikurudi. Mahali pa nyumba ya jirani yetu pana mahindi sasa.

Tangu ule moto, kila tulipopita kwake alikuwa ameshajifunza nyayo zetu. Hatujamwamkia, tayari anatuita kwa majina kutoka ndani, mmoja baada ya mwingine, wala hakukosea. Juzi nilipita pale polepole, mahindi yakichakacha. "Shikamoo, bibi," nilisema, kisha nikasimama kidogo nikisikiliza, kama mtu anayengoja kuitikiwa.